Nyayo za Kwenda Tu

Fundi Nyundo alikataa kupanda paa baada ya saa tatu. Alisema hivyo akiwa bado na pingu, kwenye kiti cha nyuma cha gari la polisi, na ilikuwa mara ya kwanza kufungua kinywa bila kuulizwa tangu akamatwe.

"Vigae vya lami havikanyagwi jua likishapanda, afande. Lami inalainika kama unga uliokandwa. Ukipita mchana, unaacha alama, na alama haifutiki."

"Sasa hivi ni saa mbili na dakika tano," Mpelelezi alisema.

"Basi tuna dakika hamsini na tano."

Mpelelezi alimfungua pingu mwenyewe. Konstebo aliyekuwa akiendesha gari alimtazama kwa macho ya kuuliza. Mpelelezi aliteremka, akasimama mbele ya nyumba ya ghorofa moja, akainua uso. Paa lilikuwa la kijivu, lenye mteremko mkali, pana kuliko alivyodhani alipokuwa akisoma jalada.

Jalada lenyewe lilikuwa jembamba. Siku nne zilizopita, saa nane mchana, mwalimu mstaafu mwenye nyumba hii alikutwa amekufa kwenye sakafu ya saruji uani. Ngazi ilikuwa imelala kando yake. Juu yake, ukingoni mwa paa, kigae kimoja kilining'inia. Askari wa kwanza kufika walitazama juu wakiwa wamesimama chini, wakaandika: marehemu alipanda kuziba paa linalovuja, kigae kikachomoka, akateleza. Saa kumi jioni waliichukua ngazi kama kielelezo, wakaipeleka kituoni. Kesho yake wakamkamata fundi aliyeezeka paa hilo mwaka uliopita, kwa kazi mbovu iliyosababisha kifo.

Jalada lilipelekwa kwa Mpelelezi ili litiwe saini tu. Hakulitia saini, kwa sababu ya mstari mmoja katika ripoti ya daktari. Chini ya kucha za mkono wa kulia wa marehemu kulikuwa na chembe ndogo za mawe. Kwenye soli za viatu vyake kulikuwa na udongo, basi.

Mjane aliwafungulia mlango kabla hawajabisha. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mwembamba, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Karibu, mwanangu," alimwambia Mpelelezi. Kisha akamwona Nyundo nyuma yake. "Na wewe karibu. Sikuwatuma wakukamate mimi."

"Najua, mama," Nyundo alisema, akitazama vidole vya miguu yake.

"Uko na nani humu ndani, mama?" Mpelelezi aliuliza.

"Peke yangu. Waliokuja msibani wote waliondoka jana asubuhi. Dada yangu alisema atalala nami wiki nzima, jana jioni akafungasha. Kasema hawezi tena."

"Hawezi nini?"

Mjane aliwapandisha ghorofani hadi chumba cha kulala, akanyoosha kidole juu ya kitanda. Kwenye ubao mweupe wa dari kulikuwa na doa la maji, kubwa kama sinia, lenye ukingo wa kahawia. Katikati lilikuwa bado limelowa.

"Lilitokea juzi asubuhi," alisema. "Na usiku kuna kitu kinatembea huko juu. Nikisimama nisikilize, nacho kinasimama. Nikikaa, kinaanza. Dada kasema ni marehemu hajatulia. Mimi nilikaa na marehemu miaka thelathini na minane. Hakuwa mtu wa kunyatia watu."

Mpelelezi alimgeukia Nyundo.

"Paa la namna hii lina sauti zake," fundi alisema haraka, kama mtu aliyefurahi kupata jambo analolijua. "Mchana linapanuka, usiku linasinyaa, mbao zinalia. Mtu mgeni anaweza kula kiapo kwamba kuna mwizi."

"Na doa? Mvua haijanyesha kwa wiki tatu."

"Jasho hilo. Dari lisilopumua linatoa jasho. Chini ya upenu niliacha matundu ya hewa, Mwalimu akalalamika ndege wanaingia, akaniambia nizibe. Nikaziba kwa wavu. Wavu ukashika vumbi, sasa hewa haipiti. Mchana huko ndani ni tanuri. Hata vigae vinaungua kutokea chini."

"Ulijua kwamba hairuhusiwi kuziba?"

"Nilijua. Lakini mwenye nyumba ndiye aliyesema." Alijikuna shingo. "Na tangi la maji lipo huko huko. Huenda linavuja."

Mpelelezi alipima kwa hatua. Tangi lilikuwa juu ya bafu, upande wa pili wa ukuta, hatua saba kutoka kwenye doa. Alitoka kwenye ujia, akatazama mlango mdogo wa darini. Ulikuwa mraba wa mbao katika dari la ujia, umefungwa kwa komeo la chuma upande wa chini. Komeo lilikuwa na kutu, na juu ya kutu kulikuwa na vumbi ambalo halijaguswa. Aliandika hayo katika daftari. Hakuna aliyepanda darini kutokea ndani ya nyumba kwa miezi mingi.

"Mwalimu aligombana na mtu siku za karibuni?"

"Kugombana, hapana. Kuna mdogo wake, shemeji yangu, alikaa nasi miezi mitatu. Nyumba hii ni ya baba yao. Alitaka kuiona hati. Mwalimu alimwambia hati ipo mahali pakavu, na asiitafute." Mjane alikaribia kutabasamu. "Alikuwa na utani wa kiwalimu, huyo. Lakini waliagana vizuri. Shemeji alisafiri siku moja kabla ya msiba, huko akaugua, amelazwa. Hata maziko hakuwahi. Ananipigia simu kila siku, maskini, sauti imekauka kabisa. Ananisihi nihame chumba kwa sababu ya hilo doa, dari lisije likaniangukia."

Mpelelezi aliandika: *mdogo wa marehemu, hospitali gani?* Akafunga daftari. Saa ilikuwa mbili na nusu.

Konstebo aliegemeza ngazi ya kituo upande wa mbele. Nyundo alitaka kutangulia, lakini mama mwenye nyumba alimwita pembeni, akamuuliza jambo kwa sauti ya chini. Fundi aliitikia kwa kichwa mara mbili, akaja.

"Mguu bapa, afande," alisema walipofika ukingoni. "Usikanyage kwa ncha. Na usitazame ulikotoka."

Mpelelezi alitazama alikotoka. Viganja vyake vililowa papo hapo. Saruji ya mbele ya nyumba ilikuwa mbali, na konstebo aliyeshika ngazi alionekana kofia tupu. Alijikaza, akaweka mguu bapa, akafuata.

Juu ya paa Nyundo alikuwa mtu mwingine. Alisogea kwa magoti na viganja, akisema na vigae kama daktari anayezunguka wodini. Hapa pembe zimeanza kujikunja, joto hilo. Pale chembe za mawe zimepukutika, ndizo zile zimejaa kwenye mfereji. Chembe zikiisha, lami inabaki uchi na jua linaila. Hivi vimetoa malengelenge. Kwa mwaka mmoja, alisema, paa limezeeka kama la miaka kumi, na yote ni kwa sababu ya ule wavu.

Walivuka mgongo wa paa, wakateremka upande wa uani hadi ukingoni, mahali kilipong'oka kigae. Nyundo aliinua taratibu kigae cha jirani. Alikaa hivyo muda, amekishika kwa vidole viwili.

"Nini?" Mpelelezi aliuliza.

"Misumari." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Inatakiwa ipigwe kwenye mstari huu, ili ishike kigae hiki na kile cha chini yake. Hii imepigwa vidole vitatu juu ya mstari. Safu nzima. Siku ile nilikuwa nakimbizana na giza." Alikirudisha kigae kama anayemfunika mtu shuka. "Askari wamesema kweli. Mimi ndiye niliyemuua Mwalimu."

"Kaa chini, fundi. Nionyeshe soli ya kiatu chako."

"Soli?"

"Inua mguu."

Aliinua. Kwenye mistari ya mpira kulikuwa na chembe za mawe, nyingi, za kijivu. Mpelelezi aliinua mguu wake mwenyewe. Ilikuwa vivyo hivyo, na wote wawili walikuwa juu ya paa kwa robo saa tu, asubuhi, lami ikiwa imekaza.

"Mtu anaweza kupita hapa bila kubeba hizi?"

"Hawezi. Hata akipita kwa soksi."

"Mwalimu hakuwa nazo. Zilikuwa chini ya kucha tu. Kwa hiyo hakukanyaga paa lako. Alikuwa kwenye ngazi, ngazi ikaondoka ukutani, akashika alichoweza kushika. Alishika kigae hiki, na kigae hakimshiki mtu hata kikipigwa misumari kumi."

Nyundo aliteremsha mguu. "Basi ngazi iliondokaje?"

Hilo ndilo Mpelelezi alilokuwa akiliuliza kimyakimya. Aligeuka, akatazama paa kuanzia ukingoni kwenda juu. Jua la asubuhi lilikuja kwa ubavu, na kwa mwanga huo wa kulala aliona jambo ambalo mtu aliye chini asingeliona kamwe. Kulikuwa na madoa meusi kwenye kijivu cha vigae. Kila doa lilikuwa na umbo la nusu ya mbele ya kiatu, na yalipandana moja baada ya jingine.

Nyundo naye aliyaona. Alilala kifudifudi akayanusa.

"Huyu alipita mchana, jua la utosi," alisema. "Na hana habari na kazi hii. Amekanyaga kwa ncha, amekwangua chembe zote. Si zaidi ya wiki. Lami bado nyeusi, haijapauka."

Waliyafuata. Mpelelezi aliyahesabu: kumi na moja. Vidole vyote vilielekea juu. Kwenye doa la kumi na moja palikuwa na kidirisha cha hewa cha darini, kibanda kidogo cha mbao kilichochomoza kwenye mteremko, chenye vibao vya kukinga mvua. Mtu mzima angeweza kujipenyeza. Vibao vitatu vilikuwa vimesimama mahali pake vizuri, lakini havikuwa na misumari. Vilikuwa vimeegeshwa tu, kutokea ndani.

Mpelelezi alitafuta nyayo za kurudi. Alitafuta kulia, akatafuta kushoto, akapanda hadi kwenye mgongo wa paa na kushuka tena. Hazikuwepo.

"Labda alitoka usiku," Nyundo alinong'ona. "Usiku paa ni baridi. Halishiki alama."

"Kwa ngazi ipi? Ngazi iko kituoni tangu saa kumi jioni ya siku ile. Na uani alilala askari siku tatu."

Alipokwisha kusema hayo, alisikia maneno yake mwenyewe. Alitazama chini, kwenye vigae vilivyo kati ya viatu vyake. Kigae, karatasi ya lami, ubao. Unene wa kiganja, si zaidi. Yote waliyoyasema kwa nusu saa nzima yalikuwa yamesikika.

Aliweka kidole midomoni. Nyundo, aliyekuwa anataka kusema, akabaki kinywa wazi.

"Basi, fundi," Mpelelezi alisema kwa sauti kubwa, ya uchovu. "Mambo ni yale yale. Misumari yako ndiyo iliyomuua mzee. Tushuke, nikurudishe mahabusu."

Kisha, mdomo ukiwa karibu na sikio lake: "Mama alikuuliza nini kabla hatujapanda?"

Rangi ilimtoka fundi usoni. "Kama ni vizuri kufungua mlango wa darini leo," alinong'ona. "Shemeji yake amemwambia aufungue, dari lipate hewa, halafu aende kwa dada yake. Nikamwambia ni vizuri sana."

Doa lilitokea juzi. Shemeji alisafiri siku tano zilizopita. Hakuwahi kuliona doa hilo, na hakuna mtu chini ya paa hilo aliyesema kwamba alimwambia.

Mpelelezi hakukumbuka baadaye jinsi alivyoteremka ngazi. Alikumbuka tu kwamba alivua viatu mlangoni na kupanda ghorofani kwa miguu mitupu, kwa ncha za vidole, akihesabu ngazi kumi na nne.

Mjane alikuwa amesimama juu ya kigoda katika ujia, mikono yote miwili juu ya kichwa. Komeo lilikuwa limeshatoka nusu. Alikuwa analivuta, analipumzisha, analivuta tena, na kila lilipovutwa kutu ilimmwagikia kwenye nywele. Juu ya ubao ule, kitu kilikuwa kimetulia kabisa.

Mpelelezi hakumwita. Alipanda kwenye kigoda upande wake, akamshika kiuno, na kwa mkono wa pili akafunika mkono wa mama ulioshika komeo. Mjane alishtuka mwili mzima, lakini sauti haikutoka. Walitazamana, pua kwa pua. Taratibu, wakiwa wameshika pamoja, walilirudisha komeo mahali pake.

Simu ikaita katika mfuko wa gauni la mjane.

Mpelelezi aliitoa. Kwenye kioo palikuwa na neno moja: *Shemeji*. Alimteremsha mama, akabonyeza, akamwekea simu sikioni, akainamisha kichwa chake mwenyewe apate kusikia.

"Shemeji," sauti kavu ilisema. "Polisi wameshaondoka?"

Iliwafikia mara mbili. Mara ya kwanza ilitoka juu ya vichwa vyao, ndani ya mbao, chini chini. Mara ya pili, kwa kuchelewa kidogo, ilitoka kwenye simu.

Macho ya mjane yalipanda darini, yakabaki huko. Mpelelezi alimshika mkono kwa nguvu na kuandika katika daftari, akiliegemeza ukutani: *SEMA NDIYO. SEMA KOMEO LIMESHIKA KUTU. UNAKWENDA KULETA MAFUTA.*

"Ndiyo," mjane alisema. "Wameondoka, Shemeji. Hili komeo limeshika kutu. Naenda chini kuchukua mafuta."

"Uko peke yako?"

"Nitakuwa na nani tena, Shemeji?"

"Fanya haraka. Simu inaisha chaji."

Mpelelezi alizima simu. Alimpeleka mama hadi chini, akamkabidhi kwa konstebo, akaita gari la pili kwa redio, akamweka Nyundo uani akitazama kidirisha. Saa tatu na dakika nane. Gari la pili lingefika baada ya dakika ishirini. Alirudi ghorofani, akasimama katika ujia, mgongo ukutani, bastola mkononi ikielekea sakafuni.

Kwa dakika sita hapakuwa na kitu. Jua lilikuwa limeshika paa. Mbao zilianza kulia, moja huku, moja kule, na kila ilipolia alidhani ni mguu. Kisha mguu wa kweli ukaja. Teke la kwanza lilitikisa mlango wa darini. La pili lilidondosha vumbi na msumari mmoja wa komeo.

"Polisi," Mpelelezi alisema. "Kaa hapo ulipo. Kidirisha kina mtu, na mlango huu una mtu."

Zilisikika pumzi, nzito, za mtu aliyelala kifudifudi juu ya ubao.

"Nipeni maji," sauti ilisema. "Tangi limekwisha jana, na niliyoyabeba yalimwagika. Humu hakuna hewa."

"Utapewa. Ukishuka kwa utaratibu, mikono kwanza."

"Shemeji yupo?"

Mpelelezi alisikia hatua nyuma yake. Mjane alikuwa amepanda, konstebo akimfuata na kumvuta gauni bila mafanikio. Mpelelezi alimwonyesha kwa mkono arudi. Hakurudi.

"Nipo," mjane alisema. "Nina swali moja tu. Mume wangu magoti yalikuwa mabovu. Hata kubadilisha taa alikuwa anaita mtu. Alipanda ile ngazi kufanya nini?"

Konstebo aliliachia gauni.

"Alitokea uani akaniona ukingoni mwa paa," sauti ilisema. "Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Hakuniuliza hata natafuta nini. Akapanda mpaka juu, akanyoosha mkono. Akasema, shuka, mdogo wangu, hilo paa litakuunguza. Njoo, nakushika. Nami nikaisukuma ngazi."

Mjane alikaa chini pale pale, kwenye sakafu ya ujia.

Mpelelezi alihamishia bastola mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia aliyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, neno kwa neno, na mbele yake akaweka saa: tatu na dakika kumi na tisa.